Kabla Hujaomba Nyundo

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kupasua mawe huniuliza swali lilelile: nianze na nyundo ya kilo ngapi? Huwaambia waanze na ndoo ya maji. Baadhi yao hudhani ninawazungusha ili wachoke waondoke. Sivyo. Ndivyo nilivyoanza mimi mwenyewe, kwenye kilima kimoja pembezoni mwa jiji la Mwanza, chini ya mzee aliyekuwa amepita miaka sabini na bado akipasua, peke yake, jiwe la ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Vifaa vyake vilikuwa tindo sita, kabari za chuma zilizojaa kopo la rangi, mtaimbo mmoja na nyundo mbili. Mkono wake ulikuwa mwembamba kuliko wangu. Wiki nzima ya kwanza sikushika nyundo. Nilipanda na maji, nikayamwagia mawe, nikakaa nikiyatazama yakikauka.

Ninaandika haya kwa ajili ya kijana huyo anayeuliza, na kwa yeyote mwenye babu, baba mkwe au jirani anayeijua kazi hii lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kuanzia asubuhi hadi jioni. Na wewe unayejenga, unayenunua mawe ya msingi kwa tripu bila kujua unanunua nini, usiondoke. Yapo yako pia.

Tuanze na jiwe lenyewe. Mawe ya Mwanza ni itale, ambayo wengi siku hizi tunaiita graniti. Ni mwamba wa kale mno, una zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukivunja kipande ukakitazama juani utaona punje za namna tatu: nyeupe au za waridi, nyingine zenye ukungu kama kioo kilichochakaa, na vijiganda vyeusi vinavyometameta, ambavyo ni ulanga. Yale mawe ya mviringo yaliyopandana vilimani, pamoja na Jiwe la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni pale ziwani, hayakubebwa na mtu wala hayakuviringishwa kutoka kokote. Mwamba ulikuwa na mipasuko yake tangu ulipokuwa chini ya ardhi. Maji yakapenya kwenye mipasuko hiyo, yakaozesha kingo kwa muda mrefu, kisha mvua zikabeba ule udongo uliooza na kuacha mapande magumu yaliyokuwa katikati. Kwa hiyo kila jiwe unalolisogelea limewahi kupasuka kabla yako, na ndani yake mna nyufa nyingine ambazo hazijamaliza kazi. Mzee aliziita milango. Fundi ni yule anayejua mlango uko wapi kabla hajabisha.

Ndoo ya maji ndiyo inayokuonyesha. Nenda mapema, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Lifagie jiwe, litoe majani na ukungu, kisha limwagie maji lilowe lote. Halafu kaa. Uso wa jiwe utakauka ndani ya dakika chache, lakini penye ufa patabaki uzi mweusi wa unyevu, wakati mwingine mwembamba kama unywele, kwa sababu maji yaliyoingia humo hayatoki haraka. Chukua mkaa uufuate uzi huo kabla haujapotea. Zunguka upande wa pili ufanye vilevile. Jiwe ambalo jana uliliona zima unaweza kulikuta lina mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ukakata katikati ya kipande ulichokuwa umeshamwahidi mteja.

Baada ya macho, masikio. Gonga kwa nyundo ndogo, taratibu, sehemu mbalimbali za jiwe. Jiwe zima hujibu kwa mlio mkali unaodumu kidogo. Lenye ufa ndani hutoa sauti iliyokufa, kama mtungi uliopasuka. Hutaitofautisha siku ya kwanza. Mimi ilinichukua karibu mwezi, na mzee alikuwa ananifumba macho kwa kitambaa na kunigongea mawe mawili tofauti hadi nikaacha kubahatisha. Mazoezi hayo fanya na mwenzako, hayana gharama.

Usidhani uangalizi huu ni wa watu wasio na nguvu kazi ya kutosha. Aswan, kusini mwa Misri, ipo nguzo kubwa ya graniti ambayo mafundi wa Mafarao waliichonga ingali imelala ndani ya mwamba wake, wakitumia mipira ya jiwe gumu zaidi la doleriti. Ina urefu wa karibu mita 42, na inakadiriwa kuwa ingekuwa na uzito wa zaidi ya tani elfu moja. Haikusimamishwa kamwe. Nyufa zilijitokeza kazi ikiwa imeenda mbali, wakaiacha hapohapo, na iko hapo hadi leo baada ya zaidi ya miaka 3,000. Nikikutana na kijana anayeona aibu kuliacha jiwe alilolianza kwa sababu limeonyesha ufa, humsimulia habari ya nguzo hiyo.

Kuna jambo la tatu la kusoma, na hili ndilo gumu kulieleza kwa maandishi. Graniti haipasuki sawasawa kila upande. Ina upande mmoja inaokubali kwa urahisi na kuacha uso karibu tambarare, upande wa pili inaokubali kwa kusitasita, na wa tatu ambao ukiulazimisha unapata meno na mabonde. Wapasua mawe wa nchi nyingi wanalijua hili, kila mahali kwa majina yao. Ili kuujua upande rahisi, bandua vipande vidogo vya ukubwa wa kiganja kutoka pembe mbili za jiwe na ulinganishe nyuso zake. Angalia na ule ulanga: mahali vijiganda vyeusi vimelala kuelekea upande mmoja, mara nyingi jiwe litapenda kufunguka kwa kuufuata ulalo huo. Ukishaujua upande rahisi kwenye jiwe moja, tazama mawe ya jirani yaliyotoka kwenye mwamba mmoja na yasiyohama mahali pake. Mara nyingi yatakubaliana.

Nataka kusema neno kuhusu mawe ya kuacha, kwa sababu kwa hili watu hupoteza nyumba. Vilima vyetu vimejaa mawe yaliyokaliana, na chini yake kuna nyumba, jikoni kuna watoto. Jiwe dogo lililokaa chini ya jiwe kubwa kama kigingi si mali ya mpasuaji, hata likiwa na upande mzuri kuliko yote. Usilitoe, usilipunguze, wala usichimbe udongo kando yake. Hatari huongezeka wakati wa vuli na masika, udongo ukilowa. Kabla ya kugusa jiwe lolote la mteremkoni jiulize: hili limezuia nini, na nini kimelizuia hili? Ukikosa jibu la hakika, hamia jiwe lingine. Pia usianze kazi ya biashara bila leseni. Mawe ya kujengea ni madini ujenzi, yapo chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na ofisi ya madini ya mkoa watakueleza habari za leseni ya uchimbaji mdogo. Jiungeni kikundi kama mtu mmoja hamudu.

Sasa jiwe umelichagua. Chimba udongo unaolibana chini, kwa sababu jiwe lililofukiwa nusu halina pa kufungukia. Lilaze likae imara. Kisha amua mstari, na hapa iko kanuni ambayo nimeilipia kwa jasho: gawa nusu kwa nusu. Kama unataka vipande vinane, kwanza toa viwili vilivyo sawa, kila kimoja ukigawe tena viwili, kisha tena. Usijaribu kumenya kipande chembamba pembeni mwa jiwe nene. Mpasuko ukiwa na upande mzito na upande mwepesi hauendi chini wima. Hukunja kuelekea kule kwenye wepesi na kutokea ubavuni.

Nilifanya kosa hilo mwaka wangu wa kwanza. Mteja alitaka ngazi, mapande marefu ya unene wa shubiri, na mimi nikaona nitaokoa muda kwa kuanza na pembe. Mzee alikuwa ameenda msibani. Nilitoboa matundu tisa, siku mbili za kazi, nikapiga, na jiwe likanipa kitu chenye umbo la kwato, kinene upande mmoja na makali kama panga upande mwingine. Aliporudi hakunikaripia. Aliketi kando yake, akapitisha kiganja juu ya ule mpindo kuanzia mwanzo hadi ulipotokea, akaniambia nami nipitishe changu. Bado naukumbuka ule mpindo mkononi kuliko maneno yoyote.

Chora mstari kwa mkaa au kwa uzi uliopakwa udongo mwekundu, juu ya jiwe na kushuka pande zake zote mbili. Kisha piga mkwaruzo wa tindo kuufuata mstari wote, mfereji mwembamba tu wa kulionyesha jiwe njia. Halafu matundu. Kwa jiwe la kimo cha goti, mzee aliyapanga kwa umbali wa shubiri moja au pungufu kidogo, na kina cha nyanda nne. Jiwe kubwa zaidi linahitaji matundu ya karibukaribu na yenye kina zaidi, pamoja na machache ubavuni.

Kutoboa kwa mkono ni kazi ya utulivu. Tindo unaishika kwa mkono wa kushoto bila kuikaba, unapiga kwa nyundo ya kilo moja na nusu au mbili, na kila baada ya pigo unaigeuza tindo kidogo, kiasi cha robo ya robo ya mzunguko. Usipoigeuza itakwama, na tundu litakuwa na pembe. Weka maji kidogo ndani ya tundu. Maji yanapoza tindo na kugeuza vumbi kuwa uji, na uji huo unautoa kwa kijiko kirefu kilichotengenezwa kwa waya uliopondwa ncha. Nitarudi kwenye vumbi, kwa sababu ni sehemu ya makala hii ninayotaka uisome mara mbili.

Kabari za mzee zilikuja kwa utatu: vibati viwili vya chuma vilivyopinda kidogo juu, na kabari yenyewe iliyopita katikati yake. Vibati vinatangulia kuingia kwenye tundu, kimoja kikitazama upande huu wa mstari na kingine upande ule. Ukivigeuza vikatazama kando ya mstari, utakuwa unalisukuma jiwe lipasuke kuelekea usikotaka. Kabari inaingia katikati. Na hakikisha ncha yake haigusi chini ya tundu. Kabari inayosimama juu ya sakafu ya tundu inapoteza nguvu yako yote kwa kuponda. Kazi yake ni kubana kuta na kuzitenga. Siri nzima ya kazi hii iko hapo. Graniti ukiibonyeza inabeba mzigo wa kutisha, ndiyo maana tunaiweka kwenye misingi, lakini ukiivuta pande mbili inaachia kwa nguvu ndogo mno, mara kumi pungufu au hata zaidi. Mzee mwembamba anashinda jiwe la tani mbili kwa sababu halipigi. Analivuta.

Kabari zote zikishakaa, anza mwisho mmoja wa mstari. Gonga moja, nenda ya pili, ya tatu, hadi mwisho, kila moja pigo moja lenye uzito uleule. Rudi mwanzo. Usiipendelee kabari moja kwa sababu iko karibu nawe. Sikiliza: mara ya kwanza mlio ni mzito na mfupi, na kadiri kabari zinavyobana mlio unapanda, unakuwa mwembamba kama wa kengele ndogo. Kabari ambayo sauti yake imebaki chini haijabana. Ipe pigo la ziada hadi iimbe na wenzake. Kwa raundi hizi mzee alitumia nyundo ya kilo nne tu, akiinyanyua na kuiachia ianguke kwa uzito wake.

Kisha weka nyundo chini, ungoje. Hapo ndipo vijana wengi wanaposhindwa. Ufa umeshaanza ndani, lakini unatembea kwa wakati wake, na ukiongeza nguvu kabla haujafika utalivunja jiwe kando ya mstari. Kaa mahali ambapo miguu yako haiko upande litakakoangukia. Baada ya dakika tano, kumi, utasikia tiki, kama mbegu iliyopasuka juani. Pengine tiki nyingine. Mfereji wako wa tindo utaonyesha mstari mwembamba sana ukiunganisha tundu na tundu. Piga raundi nyingine, ngoja tena. Nimeona jiwe likiachwa na kabari zake saa sita mchana, watu wakaenda kula, na kukutwa limefunguka lenyewe saa nane. Ukishauona ufa umeshuka ubavuni hadi chini, ingiza mtaimbo ulitenganishe, na mtu asiwepo upande wa chini ya mteremko.

Wengine watakuambia moto ni haraka zaidi. Ni kweli, na ni wa kale kuliko kabari. Zimbabwe Kuu, iliyojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15, ina kuta za graniti zisizo na chokaa wala udongo kati ya tofali na tofali, mahali pengine zikiwa na kimo cha mita 11. Graniti ya kule hujimenya tabaka kwa tabaka kwa sababu ya joto la mchana na baridi ya usiku, na waliojenga walijua kutumia mapande hayo, na kusaidia umenyaji kwa moto. Zile punje zenye ukungu, kwatzi, hutanuka zikipata joto, na zikifika karibu nyuzi 573 za selisiasi hubadilika mpangilio wake na kuvimba ghafla. Jiwe haliwezi kuvumilia hilo, linabanduka.

Mzee aliutumia moto kwa jambo moja, kulegeza ganda la juu la mwamba mkubwa, na kwa kuni. Matairi, ambayo wengine huyachoma badala ya kuni, hakuyataka kilimani kwake, na mimi siyataki. Moshi wa tairi unawaingia wanaofanya kazi, unashuka kwa majirani na kutua kwenye maji ya kunywa, na unamtangulia mtu kaburini kwa mwendo asioutambua. Tena jiwe lililounguzwa limejaa nyufa ndogo zisizoonekana. Kwa kokoto sawa. Kwa ngazi, kwa kizingiti, kwa jiwe la pembe ya msingi, usinipe jiwe lililopita motoni. Na ukikuta mtu akimwagia maji jiwe lililo moto, simama mbali, maana vipande huruka kama risasi.

Vumbi, sasa. Zile punje zenye ukungu ndizo zinazoua. Graniti ikisagwa na tindo hutoa vumbi la silika laini kiasi kwamba lile linaloonekana likielea juani si lile baya, baya halionekani. Linashuka hadi mwisho wa mapafu na kubaki humo, mapafu yanajenga makovu kulizunguka, na ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna tiba. Unaweza kuacha kazi na bado ukaendelea kukubana. Mwenye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa kimataifa wa saratani wameliweka vumbi hili kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kitambaa ulichofunga puani hakizuii. Kinakupa moyo tu, na moyo huo ni hatari. Fanya haya: tumia maji kwenye kila tundu, kila wakati, hata kama maji ni ya kubeba kichwani. Kaa upepo ukiwa unapiga mgongoni mwako na kulipeleka vumbi mbele. Nunua barakoa za kuchujia vumbi zile ngumu zinazobana puani na kidevuni, na uzibadilishe zinapochafuka. Usifagie sehemu ya kazi ikiwa kavu. Nguo za kazi zibaki kazini, au zifuliwe peke yake. Usiende kumpakata mtoto nazo. Watoto wasicheze wala wasigonge kokoto karibu nawe. Na ukipata kikohozi kisichoisha wiki mbili, nenda kituo cha afya, pimwa kifua kikuu, kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini usitoke bila kumwambia daktari maneno haya: mimi napasua mawe. Wapo waliotibiwa kifua kikuu mara mbili na kurudi kilimani wakikohoa, kwa sababu hakuna aliyewauliza kazi yao, nao hawakusema.

Mzee alikuwa na bahati ambayo si bahati: alifanya kazi nje, kwenye upepo wa ziwa, kwa mkono, kwa maji. Wenzake waliokaa kwenye vibanda vilivyofunikwa wakigonga kokoto kavu, wengi aliwazika.

Macho yanataka miwani ya kukinga, ile ya plastiki inayofunika na pembeni. Kichwa cha tindo kikichanua kama uyoga kwa kupigwa, kisage mara moja, kwa sababu kingo zile hukatika na kuruka. Mimi nina kovu juu ya nyusi lililotokana na uvivu huo. Mpini wa nyundo uwe wa mti mgumu usio na kifundo, nyuzi zake zikienda urefu wote, na uukague kila asubuhi kabla ya kupiga. Fanya kazi hadi saa nne au saa tano, pumzika, rudi saa tisa. Mchana jiwe linaunguza, nawe ukichoka hulisikii tena.

Kwa anayenunua: jiwe zuri la msingi lina angalau nyuso mbili tambarare na linaita likigongwa. Lenye rangi ya kutu iliyoingia hadi ndani, linalomomonyoka ukilikwaruza kwa funguo, limeoza, likatae. Usikubali tripu iliyojaa mawe ya duara yasiyopasuliwa, maana yanakula saruji na hayakaliani. Na tafadhali, usimpimie fundi wa mkono bei ya mashine ya kusaga kokoto. Jiwe lililopasuliwa kwa kabari linalala ukutani bila kulazimishwa, fundi mwashi wako anamaliza mapema, na saruji inabaki. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuomba apunguze.

Narudi kwa kijana. Ukimpata mzee wa kukufundisha, mwamkie, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani, na useme wazi unataka kukaa muda gani. Chukua kazi za maji, udongo na kubeba bila kungoja kuambiwa. Usimwulize anafanyaje; wengi wao hawana maneno ya hilo, mikono yao ndiyo inayojua. Mwombe akuonyeshe jiwe lililomshinda. Nilipomwuliza mzee wangu hivyo alinipeleka mwendo wa nusu saa hadi kwenye jiwe lenye matundu kumi na mawili yaliyoota nyasi, na kwa saa moja alinieleza mambo ambayo kwa miezi minne hakuwa ameyagusa. Andika majina anayoyaita vifaa na sehemu za jiwe, kwa lugha yake kama alivyoyataja. Rekodi kwa simu sauti ya kabari ikipanda, ili usiku ujizoeze. Umlipe, hata kama anakataa: sehemu ya kila jiwe unalouza iwe yake, na iwe ya ahadi iliyosemwa mbele ya mtu wa tatu. Ukishaiva na huna cheti, VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Ulizia kwenye kazi ya uashi.

Jambo moja usiliahirishe: tindo. Kupasua jiwe utajifunza kwa kuangalia, lakini tindo iliyochongoka vibaya itakuangusha kila siku, na unoaji wake haufundishiki kwa mdomo. Mzee alitengeneza zake kwa chuma cha springi za magari, kwa mhunzi aliyemfahamu tangu ujana wao. Ncha inapashwa hadi iwe nyekundu, inapondwa kurudishwa umbo lake, inapashwa tena, kisha inachovywa majini upana wa kidole kimoja tu. Unaitoa upesi na kuisugua kwa kipande cha jiwe hadi ing'ae, na hapo unatazama. Joto lililobaki juu linateremka kuelekea nchani, likileta rangi: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, mwisho bluu. Kwa graniti, mzee alizamisha tindo yote majini pale kahawia inapoanza kuwa zambarau. Ukiwahi, ncha itakatika kwenye pigo la kwanza, ukichelewa, itakunjika. Kati ya kuwahi na kuchelewa ni kama pumzi mbili.

Nenda na mzee wako kwa mhunzi jioni, jua likishazama. Mchana mwangaza huufanya wekundu wa chuma uonekane hafifu kuliko ulivyo, nawe utakipasha kupita kiasi. Simama upande wake wa kulia, usimzibe mwanga wa makaa, na atakaposema sasa, uwe umeshaiona ile rangi mwenyewe.